Keshokutwa na Mshono wa Mwisho

Mtu akikuuliza ni nani fundi mkali wa nguo za kike hapa mtaani, utampeleka kwa Keshokutwa. Akikuuliza ni nani fundi muongo, utampeleka kwa huyohuyo. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na wateja, kwa sababu ukimuuliza nguo yako itakuwa tayari lini, hujafunga mdomo kashakujibu: "Keshokutwa, mpenzi." Na hiyo keshokutwa ukija, anakupokea kwa bashasha, anakuuliza habari za watoto, anakusifia ulivyonawiri, halafu anakwambia, "Yako imebaki vifungo tu. Keshokutwa." Unaondoka unacheka. Ukifika nyumbani ndipo unakumbuka kwamba ulikwenda kufuata nguo.

Mimi ni msusi. Tunagawana chumba kimoja, yeye upande wa dirisha na cherehani zake mbili, mimi upande wa ndani na kioo changu na viti vyangu. Katikati tumetundika pazia ambalo halijawahi kufungwa, maana tukilifunga nitapiga soga na nani? Nimekaa naye miaka, na nasema kwa moyo mweupe: yule mama si mvivu. Mvivu ningemjua, mimi nina dada zangu. Tatizo lake ni kwamba hawezi kumaliza nguo ambayo haina mtu ndani.

Kila nguo anaiachia mshono mmoja, wa ubavuni. Hapo anapiga bandi tu, zile nyuzi ndefundefu za kushikiza kwa mkono. Anakusubiri uje uivae, usimame mbele yake, upumue, ucheke, uinue mikono, uketi. Ndipo anapovuta bandi, anabana hapa, analegeza pale, na kuushona mshono kwa mkono ukiwa umeivaa hivyohivyo. Akimaliza anainama ubavuni kwako na kukata uzi kwa meno. Mkasi anao shingoni unaning'inia, lakini uzi wa mwisho ni wa meno, ukimwambia atumie mkasi anakutazama kana kwamba umemtukana. Nguo yake ikikukaa, imekukaa. Lakini mpaka wewe na yeye mpate nafasi ya kusimamishana hivyo, foleni nayo iko mlangoni, basi ndiyo hiyo keshokutwa.

Aliyeteseka na keshokutwa kuliko sote ni bintiye. Anaye huyo mmoja tu, nimemsuka tangu nywele zake hazishikiki. Yeye alikuwa anashonewa nguo za watu zikiisha, na nguo za watu hazijawahi kuisha. Siku ya mahafali yake shuleni, wenzake wameshapangwa na kupigwa picha, ndipo yeye anatokea getini anakimbia, kavaa gauni zuri kuliko yote uwanjani, pini bado zimo kwenye pindo. Picha ya darasa hayumo. Mtoto hakununa, hana kinyongo yule. Aliyenuna ni mama mtu, na alijinunia mwenyewe. Ukiitaja siku hiyo mpaka leo anaacha kukanyaga cherehani.

Binti akakua, akaenda ng'ambo kufanya kazi, jikoni kwenye hoteli. Huko akapata mchumba, kijana mpole anayecheka ovyo kama yeye. Wakapanga kufunga ndoa hukohuko. Pasipoti ya mama ikaingia kwenye ofisi za watu na kuzamia humo, kila siku inashughulikiwa. Siku alipokubali kwamba hatasafiri nilimkuta kajifunika uso kwa kitambaa cha mteja, analia. Nikamwacha alie. Baadaye akapenga kamasi, na nashukuru hakupenga kwenye hicho kitambaa, akasema, "Basi gauni nitalishona mimi. Na safari hii, mdogo wangu, sichelewi. Nikichelewa uninyoe kipara."

Ndipo akaja na ujanja wake. Alishika simu, akaingia kwenye mipangilio, akaisogeza tarehe mbele kwa wiki moja. Saa aliiacha kama ilivyo, aligusa tarehe tu. "Hii sasa ni tarehe ya kazi," akaniambia. "Nikiiona nitashtuka."

Nilicheka mpaka nikamvuta mteja nywele. Mtu anajidanganya, na anajua kwamba anajidanganya, halafu anadanganyika! Kwa maana alidanganyika kwelikweli. Kila akichungulia simu anaruka: "Mama yangu, tumeshafika tarehe hiyo?" na cherehani inanguruma. Gauni likaisha mapema, likapigwa pasi, likaingia kwenye boksi, likasafiri, likafika harusi bado iko mbali. Keshokutwa alizunguka mtaa mzima kuwatangazia hata wasiomuuliza.

Ninaposema liliisha, mnanielewa. Ubavu wa kushoto ulikwenda na bandi, makusudi. "Nitaufunga nikimwona," alisema. Wakapatana na bintiye: siku moja kabla ya harusi, alasiri, bibi harusi atavaa, rafiki yake atashika sindano, na mama ataelekeza kwa video kwenye ile programu yao ya ujumbe. Binti ndiye aliyemwekea kabla hajaondoka. Ni ya faragha sana hiyo, mtu ambaye hujamkubali hawezi hata kukubipu. Walikuwamo wao wawili tu, na namba nyingine ya mtoto huko ng'ambo mama hakuwa nayo. Mimi nilikuwa nachungulia kwa juu ya bega, kwa sababu ya kwangu ni simu ya vitufe. Nikiichaji Jumapili inanifikisha Jumapili nyingine, na siombi radhi.

Sasa, gauni lilipoondoka, fundi wetu akanogewa. Sare za shule zilikuwa zimemjaa mpaka kwenye viti vyangu. Akapiga hesabu zake: kama wiki moja mbele imemaliza gauni, mwezi na ushee mbele utamaliza sare za shule nzima. Akaisogeza tarehe tena, jioni, baada ya kuongea na mtoto na kumtakia usingizi mwema. Mimi nikamwambia, "Sogeza tu, uzeeke peke yako," nikaendelea kusuka.

Najua umeshaanza kucheka. Sisi tuliokuwemo hatukucheka.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku yenyewe ya kufunga mshono. Keshokutwa alikuja amependeza, nilikuwa nimemsuka asubuhi na mapema. Simu akaiegemeza kwenye kopo la vifungo pale dirishani penye mwanga. Wateja waliokuja kudai nguo zao waliposikia kuna nini wakasahau madai, wakavuta viti. Alikuwepo mama mmoja wa sare, pacha wawili waliofuata sketi, na mzee aliyeleta suruali ikatwe miguu tangu alipokuwa mrefu zaidi. Upande wangu nilikuwa na mteja mmoja, kichwa kwenye beseni, namwosha nywele.

Alasiri ikafika. Keshokutwa akajifuta mikono kwenye gauni alilovaa, akabonyeza. Kioo kikaandika: Inaunganisha. Tukangoja. Inaunganisha. Tukatazamana. Inaunganisha.

"Bando limekwisha," akasema mama wa sare.

"Nimeweka jana!"

Basi kila mtu akawa mtaalamu. Mmoja anasema zima uwashe, ikazimwa, ikawashwa. Pacha wa kwanza anasema iweke kwenye hali ya ndegeni halafu uitoe, pacha wa pili anasema siyo hivyo, toa laini uifute. Laini ikatolewa, ikafutwa kwa kitambaa cha hariri cha mtu, ikarudishwa. Mzee wa suruali akashauri tuinue simu juu. Keshokutwa akapanda kwenye kiti changu cha kusukia, mkono juu, shingo imemkakamaa, na mimi chini nimemshika kiuno nisije nikamzika siku moja kabla ya harusi ya mwanawe. Inaunganisha.

Kisha maneno yakabadilika. Mama wa sare akasoma kwa sauti: "Toleo hili limepitwa na wakati. Tafadhali sasisha."

Keshokutwa akashuka kitini taratibu. "Limepitwa na wakati," akasema. "Yaani hata simu inanisema nimechelewa."

Tukajaribu kuisasisha. Duka la programu nalo likagoma kufunguka. Nikaona midomo yake imeanza kucheza, nikatoka mbio kuvuka barabara kumwita Daktari.

Daktari ni fundi simu, kibanda chake kinatazamana na mlango wetu. Ni mtu mzima, ana mke na kitambi, na anaitwa Daktari kwa sababu kila simu anaihoji kana kwamba iko kitandani inaugua. Akaja na bisibisi yake nyuma ya sikio, akavuta stuli, akaipokea simu kwa mikono miwili.

"Imeanza lini?"

"Leo," akasema Keshokutwa. "Jana nimeongea naye vizuri tu."

"Imeanguka? Imeingia maji? Imelala kwenye jua?"

"Hapana, hapana, hapana."

"Umebadilisha kitu chochote, mama? Chochote kile?"

"Mwanangu, mimi nibadilishe nini? Sijagusa kitu."

Na mimi, mdomo huu usiotulia, nikamwunga mkono: "Hajagusa."

Daktari akaanza kazi. Akaipigia simu yangu ya vitufe kutoka kwenye ile, ikaita, kwa hiyo laini ilikuwa nzima. Akazima kile kinachookoa betri, huwa kinazibana programu. Wapi. Akarusha mtandao kutoka kwenye simu yake mwenyewe, huenda wa kwetu ni mbovu. Wapi. Akaiweka ile programu kwenye simu yake ampigie binti moja kwa moja. Haikuita hata mara moja. Binti kajifungia, mgeni hapiti. Daktari akatikisa kichwa kwa masikitiko na heshima kwa pamoja. "Mtoto wako yuko makini, mama."

Halafu akasema lile ambalo sikutaka aliseme. "Tuifute, tuiweke upya."

"Na sauti za mwanangu zilizomo?"

Zilikuwa humo zote, tangu aondoke. Siku ya kwanza anatetemeka kwa baridi, siku aliyounguza sufuria la hoteli, siku aliyomtaja yule kijana mara ya kwanza akijifanya anamtaja tu hivihivi. Keshokutwa huwa anazisikiliza akipiga pasi.

Daktari akakohoa. "Programu kama hizi haziweki nakala popote, mama. Ukifuta, umefuta."

Keshokutwa akamnyang'anya simu, akaibana kifuani kwa mikono yote miwili.

"Kesho atasimama mbele za watu, bandi zinamtoka ubavuni," akasema. "Mahafali pini, harusi bandi. Mtoto mwenyewe ndiye huyu mmoja. Nimeweza kumvalisha mke wa kila mtu hapa mtaani, wangu nimeshindwa." Akaketi juu ya rundo la sare.

Nawaambia roho iliniuma. Huko mbali mtoto amesimama na gauni lake, rafiki ameshika sindano, wanaitazama simu ambayo hailii. Na wao watasema nini? Watasema mama kachelewa, kama kawaida yake.

Daktari naye alikuwa ameona haya. Akasema kwa upole, "Nipe tena, mama. Sifuti. Natazama tu." Akaipokea, akakivuta kioo kwa kidole kutoka juu kwenda chini, kule kwenye maandishi madogomadogo. Ghafla akaruka juu kama aliyekalia pini, na pale kwetu hilo linawezekana.

"Mungu wangu! Leo tarehe hii?"

"Vipi?" nikamuuliza.

"Nimekwisha! Siku yetu ya ndoa imepita! Imepita zamani! Sijamnunulia mke wangu hata pipi! Ndiyo maana asubuhi kaninyima chai!" Bisibisi imemdondoka, kashafika mlangoni, mguu mmoja uko nje. Nikamkamata shati kwa nyuma.

"Tulia, wewe! Chai umenyimwa kwa mambo yako mengine. Hiyo si tarehe ya leo. Hiyo ni tarehe ya kazi."

"Tarehe ya nini?"

Nikamweleza. Nilianza vizuri kabisa, na mahali fulani katikati ya maelezo nikajisikia ninachokisema, sauti ikaniishia. Daktari akanitazama mimi, akaitazama simu, akamgeukia Keshokutwa.

"Mama. Si nilikuuliza kama umebadilisha kitu?"

"Sasa hicho ni kitu?" akajibu Keshokutwa, na alikuwa anashangaa kikweli. "Hiyo ni kazi!"

Daktari akarudi kwenye stuli, akajifuta jasho. "Sikilizeni. Hizi programu za siri hazimfungulii mtu hivihivi. Kabla ya kuungana zinakaguana, na tarehe ni moja ya vitu zinavyokagua. Ile wiki moja ziliivumilia, mwezi mzima zimekataa. Simu yako inaapa kwamba tuko mwezi ujao. Unamgongea mwanao mlango mwezi ujao, mama, na yeye yuko ndani mwezi huu."

Akagusa mara moja, akaiachia simu ijitafutie tarehe yenyewe. Akaiweka juu ya meza ya cherehani. Tukaizunguka wote, vichwa vimegusana.

Kisha ikalia. Ikalia tena, ikalia mfululizo, inatetemeka na kutembea mezani yenyewe mpaka mzee wa suruali akaidaka isianguke. Zilikuwa sauti za binti, moja juu ya nyingine. "Mama, niko tayari." "Mama, umeshiba? Maana mimi nimevaa sijala." "Mama?" "Mama, uko wapi?" Na ya mwisho, unasikia anacheka huku analia: "Mama, tafadhali, leo usiniambie keshokutwa."

Kabla yeyote hajasema neno, simu ikaanza kuita. Na huyo hapo, kioo kizima, mweupe tangu mabegani mpaka chini, nywele kasukwa na mtu asiyejua kazi.

"Mama, umechelewa!"

"Mimi?" Keshokutwa akaruka kutoka kwenye zile sare. "Mimi nimechelewa? Tangu jana niko mwezi ujao nakusubiri wewe!"

Basi chumba kikalipuka. Kule wanauliza kuna nini, huku kila mtu anaeleza kwa wakati mmoja, Daktari anaapa kwamba hajawahi kutibu ugonjwa wa namna hii. Keshokutwa akapiga makofi mara moja, makali, na wote tukanyamaza. Alikuwa ameshakuwa fundi.

"Simama upande. Nionyeshe ubavu. Daktari, shika simu, usitikisike. Wewe mwenye sindano, mwanangu, unaitwa bingwa kuanzia leo. Vuta bandi ya juu. Moja tu! Haya. Bibi harusi, pumua."

Binti akapumua.

"Siyo hivyo, hiyo ni pumzi ya kupiga picha. Pumua kama umeshiba. Ala! Umenenepa!"

"Mama, nafanya kazi jikoni."

"Nenepa tu, nimekuachia nafasi. Nilijua. Bingwa, legeza hapo chini ya kwapa, upana wa ukucha. Kiunoni bana. Keti, mama. Inua mkono. Cheka."

"Nicheke nini?"

"Mwangalie mama yako mdogo alivyo na povu la sabuni kichwani!"

Hilo lilikuwa kweli, nilimwacha mteja kwenye beseni nikajishika kichwa bila kujua. Binti alicheka mpaka akajikunja, na Keshokutwa akapiga kelele, "Hapohapo! Shona hapohapo, ndivyo atakavyokuwa kesho!"

Yule rafiki akashona. Sauti ya Keshokutwa ilishuka ikawa ile anayoitumia kwa wateja waoga. Ingiza. Vuta polepole. Rudi nyuma kidogo. Vizuri. Mkono wa Daktari ulikuwa unauma, tulimwona, lakini mama wa sare alipotaka kumpokea alikataa. Mshono ukateremka, ukapita kiunoni, ukafika nyongani.

"Sasa piga fundo," akasema Keshokutwa. "Lingine juu yake. Vizuri."

Na hapo, bila kufikiri, akafanya anavyofanya siku zote. Aliinama. Akaisogelea ile simu mkononi kwa Daktari, akaufikisha uso wake kwenye ubavu wa mwanawe pale kiooni, akauma. Meno yakagongana bila uzi.

Akajishtukia, akabaki ameinama hivyohivyo. Hakuna aliyecheka. Kule upande wa pili rafiki alikuwa ameshainua mkasi, tukamwona binti anamshika mkono.

"Hapana," akamwambia. "Kwa meno."

Rafiki akamtazama, akainama, akaukata uzi kwa meno. Binti akajipapasa ubavu, akageuka huku, akageuka kule, gauni limemkaa. Kisha akasogea karibu kabisa na simu.

"Mama," akasema, "umewahi."

Neno hilo Keshokutwa hajawahi kuambiwa na mteja tangu nimjue. Alitazama nyuma yake, utadhani ameambiwa mtu mwingine. Halafu akacheka, machozi yanamtiririka, na sisi sote tukamfuata, na mteja wangu wa povu akatoka kwenye beseni kuja kuuliza nani kazaa.

Daktari alikwenda moja kwa moja kumnunulia mke wake zawadi, mwezi mzima kabla. Tunasikia mpaka leo mkewe anamshuku. Mzee wa suruali aliuliza ya kwake itakuwa tayari lini, na mnajua alivyojibiwa.

Baada ya harusi ikaja picha, Keshokutwa akaenda kuichapisha kubwa, akaitundika upande wangu, juu ya kioo, ili kila anayesukwa aione atake asitake. Ni watu wengi, wamepangwa kwa mistari kama darasa. Kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye cherehani, anapita pale na kuweka kidole katikati. Yumo.